Siki yenye pH 2.4 na HCl iliyozimuliwa mpaka pH 3: "asidi kali" ni ipi?

#1 BabaNeema
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanikera tangu juzi. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Kwenye jaribio la kemia waliulizwa hivi: chupa A ina asidi ya haidrokloriki (HCl) iliyozimuliwa kwa maji mengi mpaka pH ikawa 3. Chupa B ina siki ya kawaida ya dukani, pH 2.4. Ipi ni asidi kali?

Binti kajibu B, na sababu kaiandika vizuri kabisa: pH ikiwa ndogo, asidi ni zaidi. Kawekewa kosa. Nami nimemtetea, kwa sababu ndivyo nilivyosoma: 7 ni katikati, ukishuka ni asidi, ukipanda ni besi, na kadiri unavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Sasa kati ya 2.4 na 3 ipi iko chini? Kama pH haipimi ukali wa asidi, inapima nini? Wajuvi njooni, mtoto kagoma kula kwa ajili ya alama mbili.

#2 Kaa_la_Moto
Niko pembeni nasoma. Uzi huu usife.

#3 Sokoine_Road
Mwalimu kakosea, wala hapa hakuna mjadala. Kipimo cha pH kinaanza 0 kinaishia 14. Iliyo karibu na 0 ndiyo kali. Nenda shuleni na daftari mkononi, alama zirudi.

#4 MwalimuWaMaabara
Tuliza mori kwanza, mkuu #3. Mwalimu hajakosea, ingawa swali lenyewe lina mtego.

Katika kemia "asidi kali" si habari ya ulimi wala ya ngozi. Ni tabia ya asidi inapoingia majini. Molekuli za haidrokloriki zikishaingia kwenye maji zinaachia haidrojeni zote. Tia molekuli 1,000, zote 1,000 zinaachia. Asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, ina mkono wa birika. Kwenye myeyusho wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli), katika molekuli 1,000 ni kama 13 tu zilizoachia. Ndiyo maana kwa ukolezi huohuo mmoja, haidrokloriki inasoma pH 1 na asetiki inasoma 2.9 hivi.

Tabia hiyo haibadiliki ukizimua. Haidrokloriki uliyoitia kijiko kimoja kwenye pipa bado ni asidi kali, ila asidi kali iliyozimuliwa. pH inakuambia ni ioni (chembe zenye chaji) ngapi za haidrojeni ziko huru kwenye chupa hiyo sasa hivi. Haikuambii zimetoka kwa asidi mkarimu au kwa asidi bahili.

#5 BabaNeema
Mwalimu #4, nashukuru. Lakini hebu sikiliza unachosema: chupa A, ambayo karibu yote ni maji, ndiyo "kali", na siki inayokukunja uso kutoka ng'ambo ya meza ndiyo "dhaifu". Hapo mimi naona Kiswahili kimegoma.

#6 BiSalme_Ngambo
Kiswahili hakijagoma, baba. Kimebebeshwa mzigo. Neno *kali* kwetu linafanya kazi za watu kumi: kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, pilipili kali, dawa kali, siku hizi hata wimbo mkali. Vitabu vya shule vilipotaka jina la asidi inayoachia haidrojeni zote, vikamwita huyohuyo. Msomaji akiona "asidi kali" anapata maana tatu kwa mkupuo: inayoachia yote, iliyokolea, na inayobabua.

Na maneno tunayo. Mpishi wa Unguja anajua tui la kasimile na tui jepesi. Nazi ni moja, tofauti ni maji. Hiyo ni *kukolea* na *kuzimua*. Asidi ikiunguza ngozi *inababua*. Ile ya kuachia haidrojeni ndiyo iliyokosa neno lake, ikaazima *kali*. Mtoto wako hakushindwa kemia, kakwama kwenye neno la kuazima. Na ni watoto wengi wanaokwama hapohapo kila mwaka, nami hilo linaniuma.

#7 FundiBetri_Temeke
Bi Salme shikamoo. Hizo maana zako mbili chukueni, mimi naondoka na ya kubabua.

Nachaji betri za magari na bajaji mwaka wa kumi na moja huu. Betri ikijaa chaji, haidrometa, kile kipimo cha uzito wa asidi, inasoma 1.26 mpaka 1.28. Asidi hiyo ikikurukia kwenye jinzi huoni kitu. Unapangusa, unaendelea na kazi. Jioni maji yanakauka, asidi inabaki palepale kwenye uzi na kuzidi kukolea. Suruali inafuliwa, mama watoto anaitoa kwenye beseni ina matundu, vidole vinapita. Nina moja naitumia kufungia spana, paja la kulia limekuwa kama chujio la tui. Sasa niambieni, siki iliwahi kutoboa jinzi ya nani?

Na kwa vijana wanaosoma humu: asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogokidogo. Usimimine maji juu ya asidi iliyokolea. Inachemka papo hapo na kukurukia usoni.

#8 Glavu_Mbili
Fundi, ushauri wako wa mwisho ubandikwe ukutani. Lakini kubabua si kipimo cha asidi kali, na nina mfano unaonitisha mpaka leo kwa sababu nimefanya nayo kazi.

Asidi ya haidrofloriki. Kwa maana ya mwalimu #4 ni *dhaifu*, iko kundi moja na siki ingawa inaizidi. Lakini inakula kioo, ndiyo maana inatunzwa kwenye chupa za plastiki. Ikikumwagikia ikiwa imezimuliwa, unaweza usihisi kitu kwa saa kadhaa. Ubaya wake unatokana na huohuo udhaifu: molekuli ambazo hazijaachia haidrojeni hazina chaji, kwa hiyo zinapenya ngozi na kuzama mpaka ndani. Huko floraidi inakamata kalsiamu ya mwili. Kalsiamu ikishuka kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Pale nilipokuwa, jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa yake ya huduma ya kwanza, ilikuwa inakaa karibu na mlango, na kabla ya kugusa chupa ulitakiwa uioneshe kwa kidole.

Upande wa pili kuna asidi za kaborani, zilizotengenezwa California. Kwa kuachia haidrojeni zinaishinda salfuriki iliyokolea zaidi ya mara milioni moja, na bado unaziweka kwenye chupa ya kioo na kioo kinabaki salama.

Jinzi yako, fundi, haikutobolewa na pH peke yake. Salfuriki, hiyo asidi ya betri, ikikolea inanyonya maji mpaka yale yaliyojengwa ndani ya pamba yenyewe. Hiyo ni tabia nyingine kabisa.

#9 Sokoine_Road
Sawa, hilo la haidrofloriki sikulijua. Ila nabaki kwenye msimamo wangu: 0 hadi 14, na 2.4 iko chini ya 3. Tena zimepishana 0.6 tu, kitu kidogo hicho cha kumnyima mtoto alama.

#10 Namba_Hazidanganyi
#9, mambo mawili hapo hayako sawa.

Kwanza, 0 na 14 si kuta. Ni mahali ambapo kuchora kipimo kwenye kitabu kunapendeza. Asidi ya betri ya fundi iko chini ya 0. Dallol kule Afar, Ethiopia, kuna vidimbwi vya chumvi vya njano na kijani ambavyo vimesoma chini ya 0. Na kwenye machimbo ya zamani ya Iron Mountain, California, yalipimwa maji yanayodondoka yenye pH hasi 3.6.

Pili, 0.6 si kitu kidogo. pH inahesabiwa kwa logi. Hatua 1 ni mara 10, hatua 2 ni mara 100. Hatua 0.6 ni kama mara 4. Siki ya Neema ina ioni huru za haidrojeni mara 4 ya chupa A.

#11 Kaa_la_Moto
Kwa hiyo #3 alikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Naendelea kukaa.

#12 MwalimuWaMaabara
Mkuu #10 kanifungulia njia. Ngoja niweke hesabu nyingine ambayo naona ndiyo roho ya swali lote.

Chupa A: pH 3 na asidi inaachia yote, kwa hiyo ndani yake mna moli 0.001 za asidi kwa lita. Basi, hakuna nyingine iliyojificha. Chupa B: siki ya asilimia 5 ina asidi ya asetiki takriban moli 0.83 kwa lita. Zilizo huru ni chini ya nusu asilimia, ndipo inapatikana hiyo pH 2.4. Zilizobaki zimekaa zinasubiri.

Chukua magadi uzimalize asidi zote mbili. Kwa ioni huru B inaizidi A mara 4. Kwa magadi itakayokula, B inaizidi A zaidi ya mara 800. Kila ukiondoa haidrojeni iliyo huru, asetiki inaachia nyingine kufidia. A ni mtu mwenye shilingi elfu moja mfukoni na hana zaidi duniani. B anakuonesha elfu nne, lakini nyumbani ana zizi la ng'ombe.

#13 Glavu_Mbili
Mwalimu, mfano wa zizi nimeupenda, ila turekebishe kidogo ulichosema #4 kwamba tabia haibadiliki ukizimua. Namba ya asidi yenyewe (pKa), inayopima wepesi wake wa kuachia haidrojeni, haibadiliki, ile 4.76 ya asetiki. Lakini *sehemu inayoachia* inabadilika. Kwenye siki yenyewe ni chini ya nusu asilimia. Kwenye moli 0.1 ni asilimia 1.3. Zimua mpaka moli 0.001, inafika kama asilimia 12. Bahili akizungukwa na maji mengi anakunjua mkono.

#14 MwalimuWaMaabara
Kweli kabisa. Nimepokea.

#15 BabaNeema
Wakuu, nimesoma #12 kwa sauti mezani na Neema akaacha kununa. Tukaamua tujaribu.

Mama yake ana rozela kavu ya kutengenezea juisi. Tukachemsha kiganja kimoja, tukapata maji mekundu kama damu ya mzee. Sahani tano nyeupe, matone matatumatatu. Ndimu: wekundu uling'aa zaidi. Siki: hivyohivyo. Maji ya bomba: yakafifia kuelekea zambarau. Maji ya majivu yaliyochujwa: kijani. Magadi: bluu-kijani ya ajabu, kisha baada ya kukaa ikaanza kuwa njano chafu.

Halafu ndipo Neema akafanya lake. Glasi mbili. Ya kwanza siki tupu vijiko kumi vya chakula. Ya pili kijiko kimoja cha siki na tisa vya maji. Akatia rozela kote. Wakuu, *rangi ni ileile*. Ukiniambia nichague iliyozimuliwa kwa macho, siwezi. Akaanza kutia ile magadi soda ya kuumulia mandazi. Glasi iliyozimuliwa iligeuka zambarau kwa magadi ya kubana kwa vidole viwili tu, mara moja, au na ziada kidogo. Ile ya siki tupu ilikula, ikala, ikatoa povu mpaka mezani, kijiko cha chai na zaidi kidogo hadi tukadhani haitageuka. Ikageuka mwishoni kabisa. Nimeliona hilo zizi la ng'ombe kwa macho yangu.

#16 Kaa_la_Moto
Huyo mtoto apewe alama mbili na ya tatu juu.

#17 Rangi_za_Asili
Hongera Neema. Angalizo: rozela yenyewe ni chachu, ukiitia nyingi inaharibu kipimo. Matone matatu ni sawa, kikombe kizima hapana. Na rangi kutoonesha tofauti si bahati mbaya: asidi dhaifu ukiizimua mara 10, pH inapanda nusu hatua tu. Ingekuwa haidrokloriki ingepanda hatua nzima.

#18 Shamba_Njombe
Mwalimu #12, unajua umeeleza ugonjwa wa shamba langu bila kulitaja?

Huku kwetu udongo mwingi ni mchachu. Ukiwa chini ya 5.5, aluminiamu iliyofungwa kwenye udongo inayeyuka na kuua ncha za mizizi ya mahindi. Unaona mmea umedumaa, ukiung'oa mizizi ni mifupi na minene kama vidole vilivyoungua. Jirani ana kipande cha kichanga, mimi nina cha mfinyanzi wenye mboji nyingi. Tulipima wote tukapata 5.0. Akatia chokaa ya kilimo, msimu uliofuata akawa amepanda vizuri. Nami nikatia kiasi kilekile kwa ekari. Nikapima tena: hakijasogea kitu. Nikamlaumu muuza chokaa bure.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba pH inaonesha uchachu ulio kwenye maji ya udongo tu. Mfinyanzi na mboji vinashikilia uchachu mwingine wa akiba, ukiondoa ule wa juu wanaachia mwingine. Pana kipimo cha pili cha kujua hiyo akiba, na ndicho kinachosema utie chokaa kiasi gani. Kichanga ni chupa A. Shamba langu ni siki.

#19 Sokoine_Road
Shamba_Njombe, na mbolea je? Mzee wangu alikuwa anasema SA inachosha ardhi.

#20 Shamba_Njombe
Mzee aliona kweli. SA ni mbolea ya salfeti ya amonia, na bakteria wa udongo wakiigeuza amonia kuwa naitreti wanaachia haidrojeni. Ukirudia miaka na miaka bila chokaa, udongo unachachuka. Urea nayo inachachua, kwa kiasi kidogo kuliko SA. Lakini usitie chokaa kwa mazoea kila mahali. Chai inapenda 4.5 hadi 5.5, ukiipandishia unaiumiza.

#21 MamaKiburu_Moshi
Wapendwa, nami naomba kuingia kwa mlango wa jikoni. Kwetu kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, hakikamiliki bila magadi, na maharage magumu yakitiwa magadi yanalainika kuni zikiwa nusu. Mkwe wangu anasema ni kwa sababu magadi ni besi. Je, besi yoyote? Mbona sabuni hatutii?

#22 Rangi_za_Asili
Mama, sabuni usitie! Mkwe wako yuko sahihi, kinacholainisha ni besi. Kinachoshikilia seli za maharage pamoja ni pektini, na pektini inakatika haraka kwenye maji ya besi. Ndiyo maana ukitia ndimu au nyanya mapema, maharage yanagoma kuiva.

#23 Namba_Hazidanganyi
Mimi nilielezwa vingine. Pektini imefungwa kwa kalsiamu kama vishikizo. Sodiamu ya magadi inaingia na kuchukua nafasi ya kalsiamu, vishikizo vinafunguka. Hata kuloweka kwenye maji ya chumvi ya kawaida kunalainisha, na chumvi si besi.

#24 Wa_Magharibi_KE
Hapo sasa. Kwetu magharibi ya Kenya tunatumia munyu wa majivu: unachoma maganda ya maharage, unachuja maji. Majivu yana potasiamu nyingi, sodiamu kidogo tu, na bado mboga zinalainika. Kwa hivyo #23, si sodiamu pekee.

#25 Namba_Hazidanganyi
Potasiamu nayo inaweza kuisukuma kalsiamu. Sijashindwa bado.

#26 Shamba_Njombe
Na maji je? Maji ya kisima chetu ni magumu, yana kalsiamu nyingi. Magadi yakiingia yanaishusha chini kama chokaa nyeupe kwenye sufuria. Labda magadi hayagusi maharage kabisa, yanatengeneza maji tu.

#27 MamaKiburu_Moshi
Kwetu maji ni ya mlimani, laini, sabuni inatoa povu kwa tone. Na magadi yanafanya kazi. Bado sijajibiwa.

#28 Muuguzi_Zamu
Niongeze jambo moja kabla hamjamaliza gunia. Magadi yakizidi yanaua vitamini B1 ya maharage, na mboga za majani zinabaki kijani cha kupendeza huku vitamini C imeondoka. Na mwenye presha akumbuke kwamba magadi ni sodiamu.

Wapo pia wanaolamba magadi kwa ajili ya kiungulia. Asidi ya tumboni ni haidrokloriki, pH 1.5 hadi 3.5, kwa hiyo kweli inapoa. Lakini gesi inajaa tumbo ghafla, na kesho yake kiungulia kiko palepale. Kiungulia cha kila siku kipelekwe hospitali.

#29 Kaa_la_Moto
Dada Muuguzi, na haya maji ya alkali yanayouzwa chupa moja bei ya kreti? Eti yanatoa asidi kwenye damu.

#30 Muuguzi_Zamu
Damu inakaa 7.35 hadi 7.45. Ikitoka hapo kwa kiasi cha kuonekana, mtu huyo yuko kitandani, hayuko dukani anachagua maji. Mapafu yanatoa kaboni dayoksaidi, figo zinatoa kilichobaki, na damu yenyewe ina baikaboneti yake ya kukingia. Maji yenye pH 9 yana besi kidogo mno. Yakifika kwenye asidi ya tumbo yameishia hapo. Nawaona wagonjwa wanaoacha dawa kwa ajili ya chupa hizo na inanisikitisha sana.

#31 Wa_Magharibi_KE
Na anayetaka kuona besi ya kweli aende Ziwa Magadi, Kajiado. pH ni kama 10, maji ya chemchemi yanaunguza, na bado kuna samaki mdogo mle, Alcolapia grahami. Samaki wengine hutoa taka zao kama amonia kupitia matamvua. Kwenye maji ya besi kiasi hicho amonia haitoki vizuri, ingemsumisha. Kwa hivyo yeye anatoa urea, kama mimi na wewe. Natron upande wa Tanzania ni jamaa ya ziwa hilo, na korongo wadogo wekundu wanazalia huko.

#32 BiSalme_Ngambo
Flamingo, mwanangu. Korongo ni ndege mwingine. Waite heroe.

#33 Wa_Magharibi_KE
Heroe. Asante Bi.

#34 Sokoine_Road
Swali dogo kwa wajuvi. Hiyo herufi p kwenye pH ni ya nini? H nimeelewa ni haidrojeni.

#35 MwalimuWaMaabara
Nguvu, kwa Kijerumani *Potenz*. Kwa maana ya kipeo cha kumi. Aliyeianzisha ni Søren Sørensen, Mdenishi, mwaka 1909, kwenye maabara ya Carlsberg pale Copenhagen.

#36 FundiBetri_Temeke
Carlsberg ya bia?

#37 MwalimuWaMaabara
Hiyohiyo. Alikuwa anachunguza vimeng'enya, na vimeng'enya vinabadilika sana uchachu ukisogea kidogo. Kuandika 0.0000001 kila mara kulimchosha mkono, akaandika 7.

#38 Rangi_za_Asili
Mimi nilifundishwa ni Kifaransa, *puissance*. Na vipo vitabu vinavyosema Kilatini, *pondus hydrogenii*, uzito wa haidrojeni.

#39 Glavu_Mbili
Kuna maelezo mengine yanayonishawishi zaidi: kwenye hesabu zake alikuwa na vimiminika viwili vya kulinganisha, kimoja akakiita p na kingine q. Herufi tu, kama x na y. Andiko lake lilitoka kwa Kijerumani, Kifaransa na Kidenishi, kwa hiyo kila mtu anavuta kwake.

#40 MwalimuWaMaabara
Nabaki na Potenz.

#41 Rangi_za_Asili
Nami na puissance.

#42 BabaNeema
Wakuu, mrejesho. Leo nilifika shuleni. Mwalimu wake alinipokea vizuri. Kasema swali lililenga hilohilo, kuona nani anatenganisha ukali na ukolezi. Alama hazijarudi. Ila kamwambia Neema Ijumaa alete sahani na rozela, darasa zima lione zile glasi mbili.

#43 Sokoine_Road
Mimi bado nasema zirudi. Swali lilisema "ipi ni asidi kali" juu ya *chupa*. Lingesema "chupa ipi ina asidi iliyo kali" ningenyamaza.

#44 BiSalme_Ngambo
Naungana na #43, na mimi si mtu wa kuungana naye ovyo. Swali linalopima neno badala ya kemia, kosa ni la swali.

#45 Glavu_Mbili
Hapana. Kutenganisha hayo mawili ndiyo kemia yenyewe. Mtu aliyeambiwa haidrofloriki ni dhaifu akaielewa kwa maana ya mtaani, atavua glavu.

#46 BiSalme_Ngambo
Basi hoja yako inanisaidia mimi. Badilisheni neno kabla mtu hajavua glavu.

#47 BabaNeema
Kabla hamjaendelea, Neema ana swali. Kasoma kwamba maji safi yakichemka pH yake inashuka mpaka kama 6.1. Anauliza: kwa hiyo maji ya chai yamekuwa asidi?

#48 MwalimuWaMaabara
Swali zuri sana hilo, Neema. Hapana. Maji yakipata joto, molekuli nyingi zaidi zinavunjika, haidrojeni zinaongezeka lakini haidroksidi nazo zinaongezeka sawasawa. Zikiwa sawa, maji ni ya katikati, namba yoyote itakayosoma. Ile 7 ni katikati ya nyuzi 25 tu.

#49 FundiBetri_Temeke
Kwa hiyo hata 7 inahama?

#50 MwalimuWaMaabara
Inahama. Kwenye nyuzi 37, joto la mwili, katikati ni kama 6.8.

#51 Muuguzi_Zamu
Subiri, mwalimu. Basi damu ya 7.4 iko mbali na katikati kuliko tulivyofundishwa. Miaka yote naihesabu kutoka 7.